Jina Nililolihama

Dada yangu,

Mimi mzima, na hapa kiwandani kwa mafundi tunacheka kutwa. Jana shoga yangu wa cherehani ya pili alishona shati akaziba mkono mmoja. Nikamtania, naye akanijibu huku anacheka, "Nyamaza, Bibi Harusi wa Mlangoni."

Jina hilo nililiacha huko nyumbani, pamoja na bwana harusi niliyemngoja mlangoni asitokee. Huku hakuna aliyelijua. Nikamuuliza kalitoa wapi.

"Kwa dada yako. Tunaandikiana."

Nikacheka na mafundi wenzangu. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo ndiyo kazi yangu.

Barua hii usihangaike kumsimulia. Nimempa aisome kabla sijaifunga, nikupunguzie kazi.

Mdogo wako,
Bibi Harusi wa Mlangoni