Utani wa Shemeji Yenu

Alhamisi. Upepo unavuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye chupa ya chai. Nina hasira, na safari hii sitajifanya sina.

Shemeji yenu ameniuza.

Mnajua kila Alhamisi baada ya vipindi nakaa na watoto wa kidato cha pili, wasichana na wavulana pamoja, tunazungumzia balehe. Chunusi, hedhi, sauti kubadilika, hasira zisizo na sababu, kumpenda mtu. Kabla ya kuanza tunasimama na kusema kwa pamoja: yanayosemwa humu yanabaki humu. Kauli hiyo walitunga wenyewe, ndiyo maana naipenda.

Wiki mbili zilizopita binti mmoja alibaki nyuma. Nitamwita Neema, si jina lake. Akaniambia kuna mvulana darasani, akisoma kwa sauti yeye hasikii somo, anasikia sauti tu. Hajamwambia. Alitaka kujua kama anaumwa au amekuwa mtoto mbaya. Nikamwambia hisia si kosa, nyingine zinakuja na kupita zenyewe, na si lazima afanye lolote. Aliondoka mwepesi, na mimi nikarudi nyumbani nimejaa furaha.

Nikamsimulia mume wangu. Kwa jina. Aliniuliza kwa nini natabasamu, na yeye ndiye mtu wangu, nimwambie nani mwingine?

Jumamosi iliyopita tulikuwa msibani kwa jirani, na baba Neema alikuwepo. Yeye Mgogo, mume wangu Mhehe, na watani wakikutana msibani hakuna kinachoachwa. Walirushiana maneno, watu wakacheka, sisi akina mama tukichambua mchele pembeni. Ndipo nikamsikia mume wangu: "Wewe Mgogo, panua zizi, ng'ombe wa mahari wanakuja. Binti yako ameshakutafutia mkwe huko shuleni. Kama unabisha, muulize mwalimu wake."

Wote wakacheka. Baba Neema naye akacheka, maana mtani hakasirikiwi. Alikuwa anacheka huku ananiangalia mimi.

Jumatatu Neema alikuja shuleni macho yamevimba. Baba yake ameamua kwamba muhula ukiisha ahamie kwa shangazi yake kule Mlali, akasome huko. Yule mvulana mpaka leo hajui lolote.

Nilipomweleza mume wangu, akasema, "Si utani tu, jamani? Kwani nimemtukana mtu?" Kisha akaomba nimsogezee chumvi.

Nilimsogezea. Hilo nalo linaniuma.

Mwezi uliopita niliwaandikia watoto ubaoni: mtu akikuumiza kisha akasema alikuwa anatania, bado hajakuomba msamaha. Niliandika kwa kujiamini kabisa, kama mtu ambaye kwake mambo yamenyooka.

Leo tulisimama kama kawaida. Yanayosemwa humu... Neema alisimama na wenzake, mdomo ameufunga. Aliyesimama jirani yake akamwona, naye akanyamaza. Kisha wa nyuma yao, kisha darasa zima. Nikamalizia peke yangu.

Baada ya kipindi nilimfuata, nikamwambia sikukusudia yafike kwa baba yake. "Sawa, mwalimu," alisema, akachukua begi lake. Nilipofika getini ndipo nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Sikukusudia. Mume wangu naye: utani tu. Yeye haya mawili atayatofautishaje? Na mimi sijamwomba msamaha.

Kwa hiyo kesho jioni nakwenda kwao. Nitamwambia baba yake kwamba binti hakufanya kosa lolote, alimwamini mtu mzima, na mtu mzima huyo ni mimi. Nitamwomba Neema anisamehe, baba yake akisikia. Nitaomba asihamishwe. Baba yake anaweza kukataa, ni haki yake.

Nimemwambia shemeji yenu tunakwenda wote, na utani auache nyumbani. Amesema atafikiria.

Basi afikirie. Mimi nakwenda.