Nyani Wangu Yumo Arobaini, na Meli Inaondoka

Mpendwa Bi. Mwanasiti,

Leo ni tarehe 9 Novemba 1959, natimiza miaka thelathini na mmoja tangu nitoke Kigombe. Nipo Uingereza, natunza wanyama wa hospitali moja, na naomba ushauri wako wa gazetini kwa kuwa nina furaha kubwa na aibu iliyo sawa nayo.

Madaktari hapa wanajaribu kumtilia mnyama figo ya mnyama wa jamii nyingine, ili siku moja binadamu asife kwa kukosa yake, lakini mwili una walinzi, humtambua mgeni wakamshambulia, na nyani sita waliotangulia hakuna aliyevuka siku ya saba; safari hii nyani jike ametolewa figo zake zote mbili, akatiwa ya tumbili, pamoja na dawa ya kuwapumbaza walinzi hao, nami nikauliza, walinzi wakilala, mafua yakija atayazuia nani, kisha nikawaambia kwetu aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini na atokaye njiani haingii kwake mpaka aoge, nikamfungia nyani chumba chake, nikachemsha kila kinachoingia, na daktari mkubwa alipokuja na viatu vya nje nikasimama mlangoni.

"Idarusi, huyu ni mgonjwa wangu!"

"Na mimi ndiye mkunga wake. Kwetu hata baba mtoto huvua viatu."

Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akavua. Sasa wote humwita Mzazi, na leo ni siku ya kumi na tisa, na anakojoa, Bi. Mwanasiti, anakojoa kama mfereji, hata juzi nilipiga kigelegele peke yangu, mzee wa miaka sitini na minne!

Lakini nilimwahidi dada yangu Asmahani kuwa nitapanda meli ya tarehe 25, na arobaini haitimii mpaka tarehe 30. Dada ameniwekea chumba cha mbele, amekifunga tangu niondoke, kile ambacho kitasa chake hukwama mvua ikinyesha, na mjukuu wake Mastura anaolewa mwezi wa Rajabu na hana pa kukaa na mumewe. Ameniandikia: "Babu, unakuja au huji? Bibi hata fundi wa chokaa hamruhusu kuingia." Je, nimwache Mzazi? Au niombe meli ya Machi?

Idarusi

JIBU

Shikamoo, Mzee Idarusi. Nimeshakuamkia, sasa nikugombeze.

Hongera kwanza. Barua yako niliisoma ofisini kwa sauti, na mpiga chapa kila asubuhi ananiuliza kama Mzazi amekojoa. Usimwache. Ukimpa mtu mwingine mlango ule, atamfungulia mkubwa wake kwa adabu, na adabu hiyo itamwua nyani.

Ila usimsingizie mnyama. Zinazokuzuia ni siku tano tu. Mwenye nia ya kurudi angemwandikia dada yake, "Nitachelewa kidogo," asingeniandikia mimi.

Jumamosi nilikwenda Kigombe. Sikusema nimetumwa na nani. Niliuliza tu chumba kile ni cha nani.

"Cha mdogo wangu," akasema Bi. Asmahani. "Anakuja. Huu mwaka wa thelathini na moja anakuja!"

"Nawe unamngoja?"

"Simngoji, mwanangu. Ufunguo ninao kwa sababu hajasema haji. Akisema, nitalia siku moja, ya pili nitapaka chokaa mwenyewe, na harusini nitawachezea mpaka mnifunge kamba."

Umesikia? Mwanamke wa miaka sabini ana ngoma miguuni, na wewe umemkalia mlangoni.

Jibu hili linakujia kwa ndege. Gazetini halitoki mpaka umwandikie. Mwandikie leo, kwa mkono wako, kabla hujachemsha maji ya Mzazi. Chumba mpe Mastura, umtaje kwa jina lake. Weka na picha yako, iwekwe ukumbini siku ya harusi. Machi usiitaje. Wala usiandike inshallah, hilo ni neno la mtu aliyetia nia.

Mstari wa kwanza uwe huu, usiongeze kitu:

Dada, sitarudi.