Saa Moja ya Kumwona Sifa

Wamaza, Jumatatu asubuhi

Mwavita, mdogo wangu,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana ukisimama na barua mkononi huisomi hata nusu. Magoti yanaendeleaje? Na yale majani ya dawa niliyokutumia, unayachemsha au umempa jirani? Mimi ni mzima, na wifi yako ni mzima pia. Shule ina paa, ingawa si lote, na mvua ikinyesha darasa la tatu linahamia kanisani. Nina miaka sitini na minne, tisa kati ya hiyo nimeimaliza hapa Wamaza, na sina la kulalamikia isipokuwa lile alilotuletea mwanao.

Sasa nakujibu. Ujumbe wako ulifikia simu ya muuza chumvi, naye aliusoma mbele ya soko zima kabla ya kuniletea: "Kaka, namtaka mjukuu wangu hapa Kasongo kabla ya mwezi kuisha." Jibu ni hapana. Sifa haji Kasongo. Nimetia sahihi. Usiitupe barua, soma kwanza nimetia sahihi juu ya nini.

Mwanzo unaujua. Mwanao Amisi alikuwa akileta vitenge na sabuni kwa pikipiki, analala kwangu, anakula kwangu, ananiita mjomba kwa adabu zote, nami nikidhani anakawia Wamaza kwa sababu ananipenda. Kumbe alikuwa akimpenda Feza, binti wa jirani yangu mkulima, msichana wa miaka kumi na tisa aliyebakiza mwaka mmoja apate diploma. Sifa, binti yao, sasa ana miezi sita. Amisi hajaoa, hajapeleka hata kuku, na Feza mwenyewe amesema mbele ya wazee: "Bwana anaweza kungoja. Diploma haingoje."

Hapa, kama kwetu, mtoto aliyezaliwa kabla ya mahari anakaa kwa wazee wa mama yake. Amisi hakulibishia hilo. Aliniambia neno moja tu: "Mjomba, akae anapokaa. Nataka tu aujue uso wangu." Mwavita, unajua kwamba mimi si mtu wa kulainika. Nilivaa koti, nikaenda kwa baba yake Feza.

Papa Feza ni mtu wa maneno machache, na machache hayo ni makali. Baada ya vikao viwili alikubali kumpa Amisi Jumapili tatu za majaribio, moja kila mwezi: saa moja kila mara, baada ya misa, uani kwake, mbele ya macho yake. Akituridhisha, alisema, ataendelea kuja kila mwezi, na jina lake litaandikwa kwenye cheti cha mtoto. "Akishindwa, abaki kwao Kasongo. Mutoto tutamuambia baba yake alikuwa mupita njia."

Nikauliza nani atamleta mtoto kwa baba yake. Nilidhani ni Feza.

"Feza?" alisema Papa Feza. "Feza atakaa mbali naye, urefu wa nyumba. Tukimuacha amupatie mutoto mukononi, mwaka kesho tutapokea wa pili. Mutoto ataletwa na muke wangu."

Niliandika yote kwa wino, ibara saba, nakala mbili, nikaridhika sana na kazi yangu. Wewe umekwisha kuliona kosa, kwa sababu umekuwa mama mkwe mara tatu. Mimi niliyesoma sikuliona. Mwanamume wa huku hamtazami usoni mama wa mke wake, hampi mkono, hapokei kitu mkononi mwake, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Sasa atapokeaje mtoto kutoka kwake?

Jumapili ya kwanza, akifunga vifungo vya shati, Amisi aliniuliza hilohilo. Nilimjibu kama ninavyowajibu wanafunzi: "Mkwe ni mwanamume aliyeoa. Wewe hujaoa. Kwa hiyo wewe si mkwe. Msimamie mama yule wima, mtazame, mpe mkono, sema jambo." Alisita. Nikamwambia asibishane na mtu mzima.

Mwanao ana utii, hilo nakusifu. Mama Feza alitoka jikoni na mtoto mgongoni, na Amisi akamwendea mbiombio, akanyoosha mkono, akamkazia macho kama askari anayeomba karatasi, akasema, "Jambo, mama!"

Mama Feza alipiga kelele, akajifunika kitenge kichwani yeye na mtoto pamoja. Mtoto akalia. Kuku wakaingia nyumbani. Jirani mmoja alikuja na panga, akidhani ni nyoka. Mama Feza alirudi jikoni akiwa bado amejifunika, akajigonga mlangoni, na ziara ikaishia pale.

"Mwalimu," alisema Papa Feza, "huyu mutoto wako anamutukana muke wangu mbele ya macho yangu."

Nikamweleza kwa utaratibu kwamba Amisi, kwa kuwa hajaoa, si mkwe.

"Si mukwe?"

"Bado."

"Kama si mukwe, anakuja hapa kumuona mutoto wa nani? Wa upepo?"

Mwavita, nimefundisha miaka arobaini. Niliikunja karatasi yangu, nikaitia mfukoni.

Tuliomba msamaha, tukasamehewa kwa shida. Jumapili ya pili Amisi alifanya kinyume kabisa. Kila mara kitenge cha Mama Feza kilipochomoza, yeye alitoweka. Alijificha nyuma ya ghala, akajificha nyuma ya mbuzi, mwisho akakaa kwenye kigoda akiutazama ukuta wa jiko kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Mama Feza alipita na mtoto mgongoni, akarudi, akapita tena polepole, na nilimsikia akimwambia mumewe kwa furaha, "Ananikimbia! Iko na adabu, huyu." Kwa upande wake mambo yalikuwa mazuri sana. Lakini mtoto alibaki mgongoni kwake saa nzima.

Feza alikuwa mlangoni na daftari lake, urefu wa nyumba kama ilivyoandikwa. "Amisi," aliita, "ulikuja kuona mutoto ao kuona ukuta?"

"Niache, Feza."

"Ukuta unafanana na wewe. Hauseme kitu."

Njiani kurudi Amisi alisimama kwenye daraja la miti. Kisha akasema, "Nimeuona mguu, mjomba. Alipopita kwenye kona. Kidole chake kidogo kimepinda ndani, kama cha mama yangu." Nilijifanya kukohoa. Pikipiki siku nzima kutoka Kasongo, siku nzima kurudi, na ameona mguu mmoja. Na Jumapili iliyobaki ilikuwa moja tu.

Katikati ya mwezi nilikwenda peke yangu kwa Papa Feza nikamwambia kwamba karatasi ina kosa na kosa ni langu. Nikamwomba yeye, baba wa nyumba, ampokee mtoto kwa mkewe na kumpa Amisi.

"Miye? Nimezaa tisa, sijabeba hata mumoja. Nianze leo, watu waseme nini?"

"Basi mmoja wa wanao."

"Wako shamba. Mwalimu, ibara ni zako. Ubebe mwenyewe."

Unakumbuka kwamba wangu mwenyewe sikuwabeba. Nilikuwa na vitabu mikononi, ndivyo nilivyokuwa nikisema.

Jana ndiyo ilikuwa Jumapili ya tatu. Nilivaa shati jeupe. Mama Feza alisimama upande huu wa ukuta wa jiko, Amisi akasimama upande ule, wala hawakuonana, na mimi nikasimama kwenye kona nikiwaona wote wawili. Mama Feza alimfungua mtoto mgongoni, akaniwekea mikononi. Ni hatua kumi tu. Katika hatua ya nne Sifa aliitazama miwani yangu, akapiga ukelele. Katika hatua ya saba alinilowesha kuanzia kifuani hadi mkandani. Sikusimama, nilimfikisha.

Amisi alimpokea akiwa amekunja mikono kama mtu anayebeba kuni. Mtoto akazidi kulia. Ndipo sauti ilipotoka nyuma ya ukuta:

"Mwalimu, muambie ule mutu, mutoto hashikwi kama muhogo! Amulaze begani."

Amisi alikuwa amesikia, mtaa mzima ulikuwa umesikia, lakini adabu ni adabu. Alinitazama, akingoja.

"Amisi," nikasema, "mama anasema usimshike kama muhogo. Mlaze begani."

"Mjomba, mwambie mama nimesikia."

"Anasema amesikia."

"Muambie amuimbie."

"Amisi, imba."

"Mjomba, mwambie mama sijui nyimbo za watoto."

"Hata mumoja?" alipaza Mama Feza, akinisahau. "Kasongo hawaimbie watoto?" Kisha akakumbuka. "Mwalimu, muulize kama Kasongo hawaimbie watoto."

Kwa ajili ya heshima ya Kasongo nilimwamuru aimbe chochote anachokijua. Akaimba anachokijua. Mwavita, mwanao alimwimbia binti yake tangazo la sokoni, polepole, kwa sauti ya chini: kitenge kizuri hakichuji, mama karibu, gusa uone, na sabuni ya povu ipo. Feza alicheka hadi akakaa chini mlangoni. Mtoto alinyamaza baba yake alipofika kwenye sabuni. Alipoirudia mara ya tatu, Sifa alikuwa amelala begani kwake, mdomo wazi.

Kisha Papa Feza akaitazama saa yake.

"Mwalimu, saa moja imetimia. Mutoto arudi ndani."

"Nani atamuamusha?" ilisema sauti nyuma ya ukuta. "Ibara ya sita!"

Mama Feza hajui kusoma, lakini ibara ya sita aliidai yeye, na anaijua kuliko mimi niliyeiandika: mtoto akilala, asiamshwe na mtu yeyote. Na ibara ya pili inasema ziara ni saa moja. Papa Feza akanigeukia na karatasi yake, akanitaka niseme ipi inashinda. Nilivua miwani, nikaifuta. Nikasema kwamba saa inaweza kuongezwa, lakini usingizi wa mtoto haurudi ukiisha kukatwa. Sijui kama hiyo ni sheria. Nilikuwa nimelowa, na nilisema nilivyoona.

Alilala mpaka mbuzi waliporudi. Amisi hakusogea. Mkono wake ulikufa ganzi, nzi akamkalia puani, hakumfukuza. Feza akaanza kumpepea kwa daftari, kwanza kutoka mlangoni, kisha hatua moja mbele, kisha nyingine.

"Feza! Urefu wa nyumba!"

"Papa, nyumba yetu ni fupi."

Papa Feza aliipima nyumba kwa macho, akamwacha.

Sifa alipoamka hakulia. Aliinua kichwa, akautazama ule uso uliokuwa juu yake, akautazama sana, kama watoto wangu wa darasa la kwanza wanavyoitazama herufi mpya. Kisha akaishika pua, akavuta kwa nguvu. Amisi alikuwa na machozi, na mimi naandika kwamba yalitokana na pua.

Nilimrudisha mtoto hatua zilezile kumi. Tulipokuwa tukiaga, Papa Feza, ambaye kwa miezi yote hiyo hajamwambia mwanao neno lisilopitia kwangu, alimwita kwa jina lake.

"Amisi. Unarudi lini?"

"Mwezi ujao, papa. Jumapili ya kwanza."

"Kuja asubuhi," alisema. "Saa moja ni kidogo kwa mutoto wa kulala hivi."

Basi ndivyo ilivyo. Jumatano tunakwenda kwenye ofisi ya serikali, Papa Feza na mimi na Amisi, jina liandikwe. Mtoto anakaa kwa mama yake, Feza anamaliza shule, na mwanao ana kazi ya kuja. Ukitaka kumwona mjukuu wako, njoo, hakuna ibara inayokuzuia. Wewe na Mama Feza mnaweza kutazamana mpaka mchoke. Lakini neno "namtaka" liache Kasongo. Na umfundishe Amisi wimbo mmoja wa watoto, tafadhali, kwa maana hapa wanafunzi wangu wote sasa wanaimba ile sabuni.

Nisalimie shangazi yetu Zaina, mwambie nasikia bado anagombana na redio. Nisalimie mdogo wetu Kibwana fundi cherehani, na mkewe ambaye ndiye anayeshona. Nisalimie imamu, na mzee wa duka la kona aliyenifundisha kusoma nikiwa na miaka mitano. Barua hii anakuletea Amisi mwenyewe, tukishatoka ofisini. Mpe chakula kwanza, maswali baadaye.

Mungu akutunze wewe na magoti yako.

Kaka yako anayekuheshimu,

Assumani, mwalimu mkuu