Boriti za Mama

Jumamosi, usiku

Eti mali ya serikali! Jumbe hana haya.

Wadachi walipokuja kuchimba dhahabu walibomoa tembe letu, wakachukua boriti kushikilia shimo lisiporomoke. Dhahabu imekwisha, wamekwenda zao. Leo mimi na kaka Chidosa tumezing'oa tatu za mdomoni mwa shimo. Tulipoivuta ya mwisho, mdomo wote ukaporomoka.

Jumbe akaja mbio. "Boriti hizo ni mali ya serikali! Bwana Mkubwa wa Kidachi akirudi utamwambia nini?"

Nikamwonyesha masizi kwenye boriti. "Huu ni moshi wa jiko la mama yangu. Mwambie aje anuse."

Akaondoka bila kuaga.

Kiboko nakiogopa, sikatai. Mgongo wangu unakijua. Lakini nimetandika mkeka juu ya boriti hizi. Anayezitaka, aanze kwa kuniamsha.