Nilimshindia Gari Nikiwa Kwenye Arobaini, Akasema Nimeliharibu

Bi Khadija, shikamoo. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho, maana hapa nyumbani kila nikifungua mdomo kuna mtu ananiambia ninyamaze, na hasira niliyonayo ina siku nne haijapoa, kwa hiyo ukikuta sentensi haina mwisho ujue na mimi mwisho wa jambo hili sijauona.

Nina miaka ishirini na sita. Mume wangu nimwite Tahiri ingawa si jina lake, anaendesha bajaji Raskazone na nyumba yetu iko Nguvumali, na mwaka huu Mungu ametujalia mtoto wa kwanza, na kwa desturi yetu uzazi wa kwanza mtu huzalia kwao, basi nikaja Muheza kwa mama yangu nikae mpaka arobaini itimie. Siku ya tatu baada ya kujifungua Tahiri akaja, akamshika mtoto, kisha akanipa simu yake kubwa akabaki na kisimu chake cha kitochi, nikalia Bi Khadija, nikasema huyu mwanamume ananipenda, kaniachia simu nimpige mtoto picha. Kumbe simu imekuja na kazi.

Kuna gemu la mbio za magari analolicheza mwaka wa pili sasa, na msimu ule walikuwa wanatoa gari la zawadi ambalo halinunuliwi hata uwe na nini, unapewa kipande kimoja kwa siku, leo usukani, kesho tairi, na ili upewe kipande lazima siku hiyo ushinde mbio tano, na ukikosa siku moja tu vipande vyote vinafutwa, unaanza na usukani tena, mpaka utimize siku thelathini mfululizo. Akaniambia, "Mke wangu, mimi barabarani sina nafasi, abiria hawanipi pumzi. Wewe si umekaa tu?"

Nimekaa tu! Mtu nimefungwa tumbo kwa kanga kama mzigo wa sokoni, nakandwa maji ya moto asubuhi na jioni mpaka nalia kama mimi ndiye niliyezaliwa, mtoto ananyonya kila akikumbuka kwamba yuko duniani, nimekaa tu.

Lakini nilishika. Siku za mwanzo nilikuwa nagonga ukuta, ili nishinde mbio tano ilibidi nikimbie ishirini, njia ile ile, kona zile zile, mtoto titi la kushoto na simu mkono wa kulia, ila kufika siku ya kumi nikajua kwamba kona ya pili, ile ya bandarini, hushiki breki, unaachia gesi mapema, unamwacha mwenzio aingie kwa pupa, akitanuka wewe unapita kwa ndani, na kufika siku ya kumi na tano nikawa nawaacha watu nyuma mpaka nawaonea huruma. Koini nazo zikawa zinaingia, nikamnunulia injini mpya na matairi ya mvua. Tahiri akipiga simu haulizi mtoto kaamkaje, anauliza, "Umeshakimbia?"

Siku ya kumi na tisa ya gemu mtoto akachemka mwili. Nikampigia, akasema, "Mpelekeni zahanati sasa hivi, msichelewe," nikasema alhamdulillahi, baba yake ana uchungu, halafu akaongeza, "Na mkiwa kwenye foleni si utapata nafasi ya zile tano?" Nikamkatia simu. Lakini Bi Khadija sikufichi, nilikimbia, nimekaa kwenye benchi la zahanati na mtoto amepakatwa na mama, nikakimbia zote tano. Homa ilishuka siku ya pili, na kipande kilikuwa kimeingia.

Siku ya thelathini gari likatoka, jekundu, linawaka taa, nikapiga kigelegele peke yangu chumbani mama akaja mbio akidhani mtoto amecheka. Tahiri nilipompa habari akasema mimi ni mke katika wake, na nilifurahi, nisiseme uongo.

Sasa sikiliza la arobaini yenyewe. Watu wamekuja, mtoto katolewa nje, pilau limeliwa, wanaume wamekaa barazani na mimi niko ndani, dirisha liko wazi, nasikia kila neno. Tahiri amekuja na kaka yake Jumbe na madereva wenzake wawili, Sele na Miraji, akaichukua ile simu akaanza kuwaonyesha gari.

Sele akasema, "Kaka, siku thelathini hujakosa hata moja? Mimi siku ya tatu tu ilinishinda."

Mume wangu akajibu, "Uvumilivu, ndugu yangu. Mimi nikisema nafanya, nafanya."

Mimi niko ndani namsubiri aseme. Hakusema. Miraji akatoa simu yake, "Haya bingwa, tukimbie basi, au gari la sebuleni hilo?" Wakakimbia. Tahiri kona ya bandarini kaingia na breki zote, kagonga ukuta. Wakarudia, kagonga. Mara ya tatu kagonga akapitwa na watu mpaka wa mwisho, baraza zima wanacheka, Sele anamuuliza, "Hivi na bajaji unaendesha hivi hivi? Basi wateja wako wana dua." Na hapo ndipo mume wangu, kwa sauti ambayo hata mbuzi wa jirani kaisikia, akasema: "Simu alikuwa nayo mke wangu huku, kaishikashika, kanivurugia kila kitu. Ameniharibia magari yangu yote. Wanawake na vyombo vya moto wapi na wapi!"

Wakaangua kicheko. Mama mkwe akaja ndani akanisimamia mbele ya wageni, "Mwanangu, simu ya mumeo si mwiko wa kusongea, kila mtu akitaka anashika." Nikainuka nitoke nikaseme, mama yangu akanikamata mkono, "Kaa. Msitiri mumeo. Mke ni sitara." Nikakaa. Nimekaa mpaka leo.

Na walipoondoka, Bi Khadija, unajua alifanya nini? Akaniachia simu tena. "Msimu mpya umeanza, nishikie mpaka mwisho wa mwezi ukirudi nyumbani." Hakuomba radhi, hata hakuona kama kuna la kuombea radhi.

Wifi yangu Nasra, ambaye ni mke wa Jumbe na alikuwepo siku ile, anasema nifute akaunti yote, magari ya miaka miwili yaende, aanze na usukani. Mama anasema nimeze, nirudi kwangu, wanaume ndivyo walivyo. Namba ya siri ninayo, mahali pa kufuta nimeshapaona. Nifute au nimeze?

Mzazi wa Muheza

BI KHADIJA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Na hongera kwa uzazi. Naona katika pilau lote hilo hakuna aliyekumbuka kukupa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimkasirikia mumeo, mara ya pili nikakukasirikia na wewe, na sioni sababu ya kuficha hata moja.

Tuanze na yeye. Mwanamke wa arobaini haachiwi hata ndoo ya maji, kwa sababu mwili wake wote ni kidonda. Huyu bwana kaziona siku arobaini za mzazi kama kiwanja kilicho wazi, akataka kujenga. Anayedhani mzazi amekaa tu apewe mtoto kwa mchana mmoja, tena anayechemka, tumwone yeye atakavyokaa. Sisemi gemu ni dhambi. Wazee wanashinda kwenye bao na mji haujaanguka. Ubaya ni kuchukua jasho la mwenzio ukalivaa kama shati lako, halafu likikubana mbele za watu unasema fundi ndiye mbaya.

Sasa njoo wewe. Mtoto anachemka, uko kwenye benchi, unakimbia mbio tano. Usiniambie ulilazimishwa, mumeo alikuwa Raskazone na simu ulishamkatia. Ulikimbia kwa sababu vipande kumi na nane vilikuwa vinakuuma. Kona ya bandarini umenieleza vizuri hata mimi, nisiyejua gemu, nikaachia gesi, lakini nimefika chini ya barua sijui kama umezaa wa kike au wa kiume. Hao wenye gemu wanajua wanachofanya: mtu ukishampa usukani, tairi atalitafuta mwenyewe, na hofu ya kuanza upya ndiyo kamba yenyewe. Wamemfunga mumeo, na wewe wamekufunga ukiwa unanyonyesha.

Nasra anakupenda, ila shauri lake ni baya. Mumeo amesema mbele ya watu kwamba umeharibu magari yake. Leo magari yote yapo, mazima, na lile jekundu juu yake, kwa hiyo uongo ni wake peke yake. Siku utakayobonyeza hapo pa kufuta, umeugeuza uongo wake kuwa kweli, kwa kidole chako mwenyewe, na mama mkwe atakuwa shahidi wake. Usifute hata tairi.

Mama yako namheshimu, na hiyo sitara tumefundwa sote. Lakini sitara ni paa la watu wawili. Hawezi mmoja kuezua upande wa mwenzie mvua inanyesha, halafu akadai wa kwake usiguswe. Kumsitiri mume ni kutoitangaza aibu yake. Kuibeba aibu yake wageni waione ni yako, hilo kwenye sitara halimo, na kama somo wako, yaani kungwi wako, alikufundisha hivyo basi alikupunja.

Kwa hiyo usimkimbilie hata mita moja tena. Vipande vya msimu mpya vikatike, hakuna atakayekufa. Simu ichaji ijae, mpe Jumbe ampelekee nduguye, magari yakiwa ndani yote, asipate pa kushikia. Na wewe ukimaliza kunyonyesha, lala.

Kisha mtumie ujumbe mmoja, mfupi, usio na tusi: neno alilolisema barazani akaliondoe barazani. Waitwe wale wale, Sele, Miraji, Jumbe, na mama yake awepo, aseme gari lile alishindiwa na mke wake na kwamba alikusingizia. Hakuna mbuzi, hakuna faini. Akija na doti ya kanga na maneno matamu ya chumbani, kanga ipokee, maneno mwambie ayapeleke nje. Ukimpenda sana, mwonyeshe na ile kona, maana naye barabarani anabeba watu.

Watu watasema unavunja nyumba kwa gemu. Waache. Gemu lingekuwa limeisha siku ile ile kama angesema, "Hili kanishindia mke wangu." Maneno manne tu, tena yangempa sifa kuliko gari. Alibanwa na vijana wawili na kicheko, akatafuta cha kutupa, akakutupa wewe, ukiwa ndani na mtoto wake kifuani. Siku atakapobanwa na kubwa, na kubwa litakuja, atatupa nini?

Hilo sharti alijibu yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya waliomsikia. Mwisho wa mwezi ukifika kabla hajajibu, mzigo wa kurudi kwake usifungwe.