Kitabu cha Wezi na Ufunguo wa Mjomba Yona

Karatu, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta unapumua vizuri, na kwamba kile kifua cha mwezi wa tano kimekuachia. Mtama mmemaliza kuvuna? Elia, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke mahali, hata pale ninapojisema vibaya.

Mimi ni mzima. Huku ni baridi, ukungu unatoka upande wa Ngorongoro na kukaa mpaka saa nne asubuhi, na sweta uliyonifumia siivui hata darasani. Lakini naandika hasa kwa sababu nimemkosea Mjomba Yona, na nataka usikie kwangu kabla hujasikia kwa mtu mwingine.

Unajua kaka yako amepika katika nyumba ya meneja wa shamba hili la kahawa miaka kumi na miwili, na muda wote huo ufunguo wa stoo ya chakula umekuwa mikononi mwake. Mwezi uliopita nilimkuta Tluway, anayechemsha maji ya kuoga ya nyumba hiyo, akiwashia kuni kwa kurasa za kitabu. Ni kimoja cha vitabu walivyoacha wazungu wenye shamba wa zamani. Nikamwomba hicho.

"Chukua, mwanangu," akasema, "ila mwisho wake nimeshauchoma."

Kweli, alikuwa anachana kuanzia nyuma. Ni riwaya ya Kiingereza ya mambo ya kale, ya watumishi wanaopanga kuiba katika jumba la tajiri wao: mpishi, dobi na mtunza farasi. Sijawahi kushikwa na kitabu hivyo. Hata hesabu za mwalimu niliziacha siku mbili.

Jumapili baada ya kanisa, Mjomba, Tluway na Mama Paulina anayefua nguo hukaa nyuma ya jiko la meneja kuchambua maharage. Mimi unanijua, huwa nakaa kimya. Mjomba akaniuliza nasoma nini, nikaanza kuwasimulia, na sauti ikatoka. Ila majina ya Kiingereza yaliwashinda.

"Huyo mpishi mwite Yona tu, tumjue," Mama Paulina akasema.

Basi mpishi akawa Yona, dobi akawa Paulina, na mtunza farasi akawa Tluway, ijapokuwa Tluway anaogopa hata punda. Kisha wakaanza kuwasahihisha wale wezi, ambao kitabuni wanataka vijiko vya fedha.

"Vijiko utavitafuna?" Mama Paulina akauliza. "Mimi ningebeba sukari, ndani ya mashuka machafu. Nani atagusa mashuka machafu ya watu?"

"Na mlango wa stoo je?" Tluway akasema.

Mjomba akacheka. "Ufunguo uko nyuma ya kalenda, bibi. Ingia, ila ufunge ukitoka, paka asije akaingia."

Tulipofika pale kurasa zilipoishia, wakatunga mwisho wao wenyewe. Niliupenda hata nikauandika wote kwa Kiswahili katika daftari, pamoja na majina yao, mashuka, sukari na kalenda. Kisha nikalisahau daftari juu ya meza ya jikoni.

Mke wa meneja akaliona, akampa mumewe. Jumanne tuliitwa barazani sote wanne. Meneja akasoma kwa sauti: "'Paulina ataingia na kapu la nguo saa tano, mama wa nyumba akiwa bustanini.' Nini hiki, Yona?"

"Ni hadithi, bwana. Ya kitabuni."

"Kitabu kiko wapi?"

Nikaleta nusu iliyobaki. Akafunua kurasa. Hapakuwa na Yona, hapakuwa na sukari, na mwisho wake haukuwepo.

"Mwisho mlishauogea, bwana," Tluway akasema.

Hapo ndipo ningepaswa kusema kwamba aliyeandika ni mimi. Nikaangalia viatu vyangu.

Walikagua stoo, hakikupungua kitu. Meneja hakumfukuza mtu, ila alinyoosha mkono, na Mjomba akaenda jikoni, akautoa ufunguo nyuma ya kalenda, akampa. Tangu siku hiyo akitaka unga anabisha mlango wa sebuleni ameshika bakuli, na mama wa nyumba anakuja kumfungulia na kusimama nyuma yake mpaka amalize kupima. Nyumbani kwetu Mjomba hakunigombeza. Ila usiku wa pili akasema labda ni vizuri nirudi kwako, nikatafutiwe shule huko.

Ijumaa nilipotoka shule nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa meneja, na matope yangu miguuni. Yeye na karani walikuwa wanapanga karatasi. Nikasema, "Shikamoo. Daftari niliandika mimi. Ufunguo nilijua unakokaa kwa sababu Mjomba alikuwa akiwatania wenzake. Tangu Pasaka kwetu tunakunywa chai bila sukari, na ufunguo alikuwa nao yeye."

Meneja akaweka karatasi zake mezani. "Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Haya, nenda nyumbani."

Ufunguo haujarudi, Mama, na sijui kama utarudi. Lakini karani alimweleza Mjomba, na jana tulipokuwa tunakula akaniuliza, "Ulikwenda peke yako?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Ukasema kwa mdomo, bila kusoma mahali?"

"Ndiyo."

Akanisogezea kikombe chake cha chai. "Kesho maharage ni mengi," akasema. "Tafuta kitabu kingine kabla Tluway hajakichoma. Ila safari hii majina yaache ya wazungu."

Kwa hiyo habari ya kurudi imekwisha, nitafanya mtihani wangu huku. Akikuandikia, usimwulize habari za ufunguo.

Nisalimie Bibi, umwambie magoti ayafunike asubuhi. Nisalimie Baba Mdogo fundi baiskeli, na shangazi anayeimba kwaya. Elia, kama kuna mahali umeruka, rudi umsomee.

Ni mimi binti yako,
Neema