Herufi Kubwa za Bi Harms

Wiebke,

Simu iko hapa mezani. Nimefika Mipangilio, kisha Kibodi, nikakwama. Viazi nimemenya, viko kwenye maji.

Asubuhi nilikutana na jirani yetu Bi Harms ngazini. Akaniambia, "Bwana Tjaden, ungemaliza kwanza shughuli zako, ndipo uniandikie rambirambi." Nikausoma tena ujumbe niliomtumia kwa simu: wote herufi ndogo, kama wa mtu mwenye haraka. Hata jina la marehemu mumewe linaanza kwa herufi ndogo! Nimeona aibu sana. Na wewe ndiye uliyezima herufi kubwa zinazojiweka zenyewe, eti "Baba, ukiziweka unaonekana mkali."

~~Usiiguse tena simu yangu.~~ Kesho tuziwashe pamoja, unionyeshe.

Sasa napanda kwake na kadi niliyoiandika kwa mkono. Sijui kama atanifungulia.

Baba